Kola Moja Mkononi

Asubuhi hiyo Mama Kola alifagia chumba mara ya pili, ingawa hakikuwa na vumbi. Mikono yake haikuzoea kukaa bure. Kwa miaka mingi alikuwa ameshona kola za mashati kiwandani. Kola tu, siku nzima. Ndiyo maana wenzake walimbandika jina hilo.

Sasa kiwanda kilikuwa kimefungwa. Mumewe alikuwa nyumbani akiuguza mguu. Mama Kola asipopata kazi, ingebidi watoto wapelekwe kwa shangazi yao, mbali. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

"Leo unakwenda wapi?" mumewe aliuliza.

"Popote. Nitawaambia nafanya kazi yoyote."

"Si ndivyo ulivyowaambia jana?"

"Jana walikuwa na haraka."

"Na juzi?"

"Juzi pia. Mji mzima una haraka, baba watoto."

Jirani yao alikuwa nje, akianika nguo. Mama huyu aliwahi kuwa msimamizi wa karakana ya kushona. Alisikia kila neno, maana ukuta ulikuwa mwembamba.

"Mwanangu, hebu njoo," aliita. "Nimeajiri watu wengi. Mtu akisema 'kazi yoyote', sikujua nimweke wapi. Akiondoka, nilimsahau. Wewe unajua nini?"

"Kola tu, mama. Shati zima siwezi. Naona aibu kusema."

"Aibu ya nini? Kola inawatoa mafundi jasho. Shona moja, uende nayo. Sema unachokijua, na usichokijua pia. Usiongeze, usipunguze. Tena uwaambie wenzako kwamba unatafuta. Watakusaidiaje nawe umejificha?"

Akampa kitambaa na cherehani yake. Kisha akaenda jikoni, ili asimsimamie.

Mama Kola alishona. Ncha mbili za kola zilikaa sawa kama mapacha. Halafu akamtafuta mwenzake wa zamani wa kiwandani, akamweleza hali yake bila kuficha.

"Mbona umenyamaza siku zote hizi?" mwenzake alisema. "Kuna karakana karibu na soko. Wanahangaika na mashati."

Akaenda. Mwenye karakana aliigeuza ile kola, akaivuta, akaigeuza tena.

"Mikono ya shati unaweza?"

"Hapana. Nikifundishwa, nitajifunza."

"Afadhali umesema mapema. Njoo uone kola zetu. Zimelegea kama masikio ya mbuzi. Keti hapo, nikuone ukishona."

Aliketi. Kufika saa sita, kola nne zilikuwa tayari, na mwenye karakana alikuwa anatabasamu.

"Kesho uanze kazi," alisema. "Mikono utafundishwa taratibu."

Nyumbani, mumewe alikuwa akimngojea mlangoni.

"Vipi?"

"Nipakulie chakula."

"Mke wangu, nimekuuliza vipi."

"Nami nimekwambia pakua. Watoto hawaendi popote."

Mumewe alikaa kitako pale pale mlangoni, akashusha pumzi ndefu. Kisha akainuka, akapakua.

Mama Kola alikula sahani mbili. Akalala mchana kweupe, mdomo wazi, na watoto wakaambiwa wakachezee nje.