Kitambaa cha Nyufa za Kajaga

"Uko wapi?"

"Kajaga."

"Tena? Unatafuta nini kule?"

Léoncie akakata simu.

Vainqueur alibaki amesimama nje ya ghala la bandari. Kajaga, kando ya ziwa, ndiko alikomjengea Léoncie, mchumba wake, nyumba. Ziwa lilipofurika, maji yaliingia hadi madirishani. Akaahirisha harusi mpaka ajenge nyingine, na tangu hapo hakutia mguu kule. Sasa Léoncie, fundi cherehani wa Kamenge, alikuwa akienda huko kila wiki na kurudi na vidole vya buluu. Kuna nini? Au kuna nani?

Akapanda pikipiki.

Nyumba haikuwa na mlango tena. Maji yalishatoka, na tope lililobaki sakafuni lilikuwa limekauka na kupasukapasuka. Léoncie alikuwa amepiga magoti, akilipiga picha.

"Uko na nani?"

"Niko mi peke yangu. Ingia uone."

"Apana. Siingii."

Léoncie akamfuata mlangoni na kufungua kitambaa cheupe kilichojaa mistari ya buluu, myembamba, imekimbia huku na huko.

"Umechora?"

"Sikuchora. Nilipaka uji ya muhogo, nikaacha ikauke. Nikaikunja nikifuata hizi picha, ikapasuka, rangi ikaingia mu nyufa."

Vainqueur akaufuata mstari mmoja kwa kidole, akasahau hata hasira. Halafu akatazama sakafu, akatazama kitambaa.

"Kumbe ni nyumba yangu hii. Watu watavaa aibu yangu."

"Vainqueur, nisikilize…"

Alishawasha pikipiki.

Jioni ujumbe wa Léoncie ukaingia: *Kuna mama wa duka amekipenda. Nimemwambia angoje. Nyumba ni yako, ukikataa siuzi.*

Akaitia simu mfukoni. Lakini ile mistari haikumtoka kichwani. Kesho yake, katikati ya kazi, akapiga simu.

"Juu ya nini kwenye pembe ya kitambaa mistari ilikuwa midogo sana?"

Léoncie akacheka taratibu.

"Pale uji ilikuwa nyepesi. Njo nikuonyeshe."

Alimkuta uani kwake, kitambaa kingine kimeanikwa, kigumu kama karatasi. Akampa akikunje. Vainqueur akabana, uji ukalia chini ya viganja vyake, naye akabana tena upande mwingine ili asikie utakavyolia.

"We ulipata wapi moyo ya kuangalia pale? Mi nikifunga macho ninaona maji tu."

"Mi pia nililia. Siku moja jua ikapiga ile sakafu, nikaona ni nzuri. Nikaogopa kukuambia."

"Nilitaka kwanza nikujengee ingine."

"Ile nyumba haikunichumbia, Vainqueur. Ni we."

Vainqueur akachukua brashi, wakapaka rangi bega kwa bega. Walipokiosha, uji ukatoka, na mistari mipya ikajitokeza, mingine minene, mingine kama nywele.

"Ile ya kwanza uza. Hii usiuze," Vainqueur alisema. "Hii ushone gauni. Tukodi vyumba hapa Kamenge, tuoane."

Léoncie akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga.

Asubuhi ya harusi, shangazi wa bwana harusi alishika lile gauni mlangoni mwa kanisa, akauliza ni nani aliyelichora. Vainqueur akaanza kumweleza unga wa muhogo unavyopikwa, uzito wake, jua lake, na namna ya kukunja, hadi bibi harusi akamvuta mkono, maana padri alikuwa akiwangoja.