Soda ya Saa Tisa

Mwantumu ni fundi cherehani mjini Mugumu. Watu humwita Mama Yasmini. Ni mnene, na mumewe Ramadhan hujivunia unene huo kama vile ameushona yeye.

"Mke wangu ameshiba," huwaambia wenzake. "Nani atasema namnyima?"

Kila siku saa tisa alasiri Ramadhan humletea mkewe soda baridi. Mwantumu huimaliza mara moja. Siku hizi kiu yake haiishi. Halafu usingizi mtamu humshika. Cherehani huenda polepole, na mtaa mbele yake hufifia. Watu hupita kama wako nyuma ya pazia. Mwanzoni aliipenda hali hiyo. Ilikuwa kama kuota macho yakiwa wazi.

Lakini mwezi mmoja ndoto ilianza kumtisha. Uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Kisha akaharibu kitambaa cha bibi harusi. Mwantumu alilia peke yake. Fundi asiyeona atashona nini? Hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata watafiti watatu walifika Morotonga, mtaa anakoishi. Mmoja alikuwa daktari. Wa pili, Amos, alikuwa mtaalamu wa lishe. Wa tatu, Frida, alichunguza namna watu wanavyoishi. Walitaka kujua kwa nini unene, kisukari na magonjwa ya moyo vinaongezeka. Mwantumu na mumewe walienda kupimwa asubuhi kabla ya kula chochote.

Walipompima kiuno alicheka. "Leo fundi anapimwa!"

Wakamtoa damu kidogo kidoleni. Kisha Frida akaketi naye.

"Shikamoo, mama. Kazini unafikaje?"

"Marahaba. Kwa bodaboda. Zamani nilitembea."

"Na chai unatia sukari vijiko vingapi?"

"Vinne. Bila hivyo ni maji ya moto tu. Mwanangu, mbona unauliza mambo ya jikoni? Si mmekuja kupima damu?"

"Damu itatuambia unaumwa nini," Frida alijibu. "Haituambii ugonjwa uliingiaje nyumbani kwako. Ndiyo maana tuko watatu."

Daktari alirudi na majibu. "Mama, una kisukari. Presha yako pia iko juu. Unaona vizuri?"

Mwantumu aliinama. "Naona ukungu."

"Sukari ikibaki juu, itaharibu macho, figo na moyo. Ukianza matibabu sasa, ukungu unaweza kuondoka."

Amos alimweleza kuhusu chakula. Soda aache. Chai anywe bila sukari. Ugali apunguze, mboga na maharage aongeze. Tena atembee kila siku.

"Nitakonda," Mwantumu alinong'ona. "Watu watasema nina ugonjwa mbaya."

"Na soda ya kila siku namletea mimi. Watasema namnyima," alisema Ramadhan.

Frida alimgeukia. "Baba, ile soda unampa kwa nini?"

Ramadhan aliona haya. "Kwa sababu nampenda."

"Basi mletee maji. Na asubuhi msindikize kwa miguu."

Mwantumu alianza dawa na kliniki. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu jamani! Aliota chupa za soda zimepanga foleni dukani kwake, zinasubiri kupimwa magauni. Asubuhi walitoka wawili, majani yakiwa na umande, moshi wa jikoni ukitambaa juu ya migomba. Ramadhan alihema kuliko yeye. Siku moja Mwantumu alisoma kibao cha duka lililokuwa mbali. Akasimama, akakisoma tena kwa sauti. Ramadhan alimshika mkono.

Baada ya miezi minne, jirani yao Bhoke alikuja kushonesha sketi.

"Mama Yasmini, umepungua! Unaumwa?"

Wateja wengine waligeuka kumtazama. Mwantumu angeweza kudanganya.

"Naumwa kisukari," alisema. "Kiu ilikuwa hainiishi. Sasa nameza dawa, napunguza sukari na natembea."

"Sema polepole, watu watasikia."

"Wasikie. Nilikaribia kupofuka kwa kuogopa maneno yao."

Bhoke alikunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Mama Yasmini," alisema mwishowe, "hata mimi kiu hainiishi."

Mwantumu aliweka mkasi chini. Aliwaomba wateja wamsubiri kidogo. Kisha akamshika Bhoke mkono, wakaondoka kwa miguu kwenda kituo cha afya.