Nilimfungia Mkwe Wangu Jiwe, Akarudi Akisema Rili Imefanyiwa Sevisi

"Mama Hafsa, hivi mashine ya bei ile inaharibikaje kila mwezi?"

Jirani yangu Shamimu aliniuliza hivyo siku moja tukiwa barazani tunachambua mchele.

"Hata baiskeli ya marehemu mume wangu, iliyokuwa inabeba magunia ya karanga kutoka Isevya, haikwenda kwa fundi namna hiyo!"

Nikacheka. Moyo haukucheka.

Swali hilo, jamani... ndilo lililonifanya nichomoe mali kwenye begi la mkwe wangu na kumwekea jiwe!

Naam. Jiwe.

Na aliporudi kutoka Nzega akaniambia, mbele ya watu, kwamba fundi kaibadilisha beringi!

Nisomeni taratibu, mimi si mtu wa mitandao. Ni mjane, nimeishia darasa la saba, nashona nguo hapa Mtendeni, Tabora mjini. Swala zangu sikosi, na yanayopita mlangoni kwangu huwa nayaona.

Nilidhani hiyo ni sifa.

Hafsa ni mwanangu wa pekee. Mume wake wa kwanza alifariki, Hafsa akarudi kwangu na kanga zake mbili, amekonda, hasemi. Miaka ikapita. Akaja Nurdini kumposa, kijana mpole, kibarua kwenye ujenzi wa reli. Wakaoana, nikawapa vyumba vya uani.

Nurdini alikuwa anapenda kuvua samaki bwawa la Igombe siku za mapumziko. Mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa bosi wake, alipomaliza mkataba, akamwachia zawadi.

Rili. Ile mashine ya kuzungushia mshipi, inafungwa kwenye fimbo ya kuvulia.

Nyie! Kitu kizito, cheusi, kinang'aa, ukizungusha mkono wake husikii hata sauti. Ni ya watu wanaosimama ufukweni mwa bahari kwenye mawimbi, wanatupa ndoana mbali kabisa. Nurdini mwenyewe alituambia bosi wake kamwambia, "Hii itakuzika," yaani utakufa wewe, yenyewe bado nzima.

Sasa mashine ya kumzika mtu ikaanza kwenda sevisi kila mwezi.

"Mama, naenda Nzega, kuna fundi wa mashine za mgodini, ndiye anayeiweza."

"Haya baba, Mungu akutangulie."

Anaondoka na basi la asubuhi, anarudi alasiri. Rili inapakwa mafuta, inawekwa dirisha la barazani. Mwezi ukiisha, tena!

Mimi nikawa naangalia.

Siku moja nikaisogelea pale dirishani, nikainusa.

Mafuta ya cherahani!

Mafuta yangu mimi! Nikaenda kutazama kichupa changu, kimeshuka na mimi wiki ile sikushona. Yaani huyo fundi wa Nzega anatumia kichupa cha Mtendeni?

Hapo nikajua napigwa kamba.

Na mwanaume anayekwenda mji mwingine kila mwezi kwa uongo... mnajua wenyewe anakwenda kwa nani. Nzega pale ni njia panda, magari ya kila upande, wachimba dhahabu, nyumba za wageni kila kona.

Nilimtazama mwanangu akifua mashati ya yule mwanaume huku anaimba kaswida. Nikasema, ya Rabbi, mtoto huyu ameshazika mume mmoja. Huyu wa pili naye anamchezea?

Nilichotaka ni kimoja tu. Hafsa asidhalilike.

Chumbani kwao siingii, mama mkwe haingii chumba cha mkwe, hiyo ni haya. Lakini siku ya safari Nurdini aliliacha begi barazani, akaenda msikitini kuswali alfajiri.

Nikafungua zipu.

Rili ilikuwa imeviringishwa kwenye taulo. Nikaitoa. Nikachukua jiwe ninalozuilia mlango wa jiko, nikaliviringisha vilevile, nikafunga.



Akarudi, akabeba begi lake, akaaga.

"Mama, tutaonana jioni."

"Inshallah, baba. Msalimie fundi."

Alipokwisha kuondoka nikaiweka rili kwenye kikapu, juu nikafunika mchicha, mpaka sokoni kwa Masolwa. Masolwa ni fundi wa cherahani na baiskeli, ndiye anayenitengenezea mashine yangu.

Akaigeuza, akaizungusha, akaisikiliza kama anasikiliza mtoto kifuani.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Ya mtu. Imefunguliwa mara ngapi?"

Akaniita nisogee. "Ona skrubu hizi. Bisibisi ikigusa, rangi lazima ichubuke. Hizi ziko vile zilivyotoka kiwandani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haijafunguliwa hata mara moja. Na ndani ina raba za kuzuia maji ya chumvi na mchanga, mtu hafungui hovyo. Mwenyewe anavulia wapi?"

"Igombe."

Masolwa akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

"Igombe! Mama, hiyo ni kukodi lori kubeba kilo ya sukari! Kwa maji yale, wajukuu zako wataikuta nzima!"

Sikucheka. Nikaifunika na mchicha wangu, nikarudi.

Njiani nikapita kwa Mzee Nassibu, baba mdogo wa Nurdini, seremala, mtu wa haki. Nikamwomba aje baada ya swala ya alasiri.

Kisha nikamwita na Shamimu. Nilitaka shahidi asiye wa ukoo, watu wasije wakasema nimemsingizia mtoto wa watu.

Hafsa aliuliza, "Mama, mbona umetandika mkeka wa wageni?"

"Utaona."

Akaniangalia, akarudi uani kufua.

Nurdini akafika. Vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba mdogo... kulikoni, kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Sevisi vipi?"

"Namshukuru Mungu. Kaisafisha, na beringi moja kaibadilisha. Sasa inakwenda vizuri."

Shamimu akanifinya paja.

"Hebu ifungue, baba, tuione hiyo beringi."

"Mama, nimechoka, kesho..."

"Fungua."

Akafungua zipu. Akakunjua taulo.

Jiwe likadondoka kwenye mkeka... puu!

Jamani, sijawahi kuona mtu anatazama jiwe namna ile.

Mimi nikainuka, nikaitoa rili kabatini, nikaiweka pembeni ya jiwe.

"Sevisi ya Nzega ni hiyo. Mashine imeshinda kwangu tangu alfajiri! Sasa tuambie unakwenda kwa nani!"

Mzee Nassibu akakohoa. "Nurdini. Sema, mwanangu."

Nurdini akautazama mlango wa uani. Hafsa alikuwa ameshasimama pale, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Nurdini akamtikisia kichwa, kidogo tu.

Kisha akainama.

"Ni kweli, mama. Nina mke Nzega."

"Nilijua!" Shamimu akapiga makofi. "Nilijua mimi! Kila mwezi!"

"Anaitwa nani?" akauliza Mzee Nassibu.

"Anaitwa..." Akameza mate. "Anaitwa Najiat."

"Hee! Hata jina la mkewe analitafuta!" Shamimu akacheka.

Mimi sikusikia kucheka wala nini. 

"Nurdini, dini imekuruhusu kuoa, haikukuruhusu kudanganya. Mwanangu si wa kufichwa kama gunia la magendo. Mpe talaka yake hapa hapa, mbele ya mashahidi!"

"Mama Hafsa, taratibu," Mzee Nassibu akasema. "Talaka si chumvi ya kuomba jirani."

"Atoe!"

Nurdini akasema kwa sauti ndogo, "Kama Hafsa mwenyewe akitaka, nitatoa."

Hapo Hafsa akaingia.

Akajifuta mikono kwenye kanga. Hakunitazama. Akapiga magoti kwenye lile begi, akafungua kimfuko cha ubavuni, akatoa kopo jeupe la vidonge, akalitua kwenye mkeka.

"Mke wa Nzega ni huyu."

Nikasema, "Nini hicho?"

"Dawa zangu, mama."

"Dawa za nini?"

"Za kufubaza virusi. Nilitoka navyo kwa marehemu."

 Nje kuna mtu alikuwa anauza mkaa, anaita, anaita... nilimsikia mpaka akafika mtaa wa tatu.

"Nurdini alijua kabla hajaniposa," akaendelea. "Nilimwambia ili anikimbie. Hakukimbia. Amepima kila mara, hana kitu. Nami nikinywa dawa zangu sina shida, unaniona ninavyofua. Ananichukulia dawa Nzega kwa sababu hapa anayegawa ni mwenzako wa darsa la msikitini."

"Na ile rili?"

"Ni mimi niliyemwambia aseme ni rili. Wewe kila mtu akitoka unauliza anakwenda wapi. Nikasema tukupe jibu moja, lile lile kila mwezi."

Mzee Nassibu akamgeukia kijana wake. Macho yamemjaa.

"Sasa wewe, kwa nini ukubali mke usiye naye?"

Nurdini akaisogeza rili pembeni kwa mkono, kama vile inamchosha.

"Baba mdogo, kuoa mke wa pili nani anashangaa? Wangenisema wiki moja, wangechoka."

  Neno nililopata lilikuwa moja tu, nalo la kujitetea.

"Hafsa... kwa nini hukuniambia mimi mama yako?"

Hafsa akawatazama waliokaa kwenye mkeka wangu wa wageni. Akamtazama Mzee Nassibu. Akamtazama Shamimu.

"Kwa sababu nilijua ungeita kikao."

Wapenzi wasomaji, nimezika mume, nimelea mtoto kwa cherahani moja. Sikuwahi kuchoka kama nilivyochoka kusikia sentensi ile.

Nikamshika mikono, ilikuwa bado na povu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama." Akasema kama mtu anayetua ndoo. "Ila hawa umewaita wewe. Zungumza nao wewe."

Basi akalibeba kopo lake, wakaingia uani na mumewe.

Mpaka leo wanaishi kwangu. Nurdini ananiamkia kila asubuhi, "Shikamoo mama," hajabadilisha hata sauti, na hiyo ndiyo inayoniumiza. Hafsa ndiye aliyeniambia, "Mama, iandike, tena na majina yetu. Wameshapewa nusu, bora waipate nzima."

Nawaambia wazazi wenzangu. Ukimshuku mtu wa nyumbani kwako, muulize yeye kwanza, ndani, mlango umefungwa. Akikudanganya, muulize tena kesho. Usikimbilie mashahidi. Mimi nilinusa mafuta, nikahesabu skrubu, nikapekua begi, na mwanangu anakula na mimi sahani moja sikumuuliza hata siku moja, "Mwanangu, unaendeleaje?"

Nilimsikiliza jirani.

Siku ile, walipokwisha kuingia uani, niliwageukia niliowaita.

Mzee Nassibu akaweka mkono kifuani. "Kwangu limekufa, Mama Hafsa. Wallahi limekufa."

Nikamgeukia Shamimu. Alikuwa anatafuta ndala zake pale mlangoni.

"Shamimu, ndugu yangu. Tumetoka mbali mimi na wewe. Haya yaishie hapa hapa mkekani. Nakuomba."

Akazipata ndala. Akavaa moja, akavaa ya pili.

"Shamimu?"

Akajifunika kanga yake vizuri kichwani, akafungua mlango wa barabarani, akatoka bila kusema neno.