Neno Linalomwamsha Mbea

Mkunga mstaafu alikutwa amelala chali kati ya kochi na meza ndogo, mkono mmoja umenyooka kama anayepokea kitu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Jirani wa nyumba namba tano alikuja kurudisha ungo, akaukuta mlango umerudishiwa tu.

Inspekta alichuchumaa. Damu ilikuwa imeganda kwenye kona ya meza na nywele mbili nyeupe zimenasa hapo. Kitasa kizima. Pochi ipo, redio ipo. Juu ya meza palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja kimenywewa nusu, kingine kimejaa mpaka juu, kimefanya utando.

Daktari wa polisi alisema pigo ni moja, kisogoni, na bibi alikufa jana alasiri. Hakupigwa na kitu. Alisukumwa.

"Mgeni hakunywa chai yake," alisema Koplo, mwanamke mfupi asiyepitwa na kitu.

"Hakuja kwa ajili ya chai."

Kwenye sikio la kikombe kilichojaa palikuwa na doa jeupe, kavu, kama gundi. Inspekta akaagiza kifungwe kwenye mfuko wa vielelezo. Kisha akainua macho. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu mume wa bibi, na kiti kimoja kimegeuzwa kuitazama. Chini ya picha kilikaa kidude cha duara mfano wa kopo la maziwa.

"Sikia, Koplo, hicho ni nini?"

Kidude kikawasha taa ya buluu. Sauti tamu ya kike ikasema, "Karibu. Ninasikiliza."

"Umemwamsha Mbea, afande," alisema Koplo.

Ndivyo wakazi walivyokiita. Nyumba zile kumi na mbili zilikuwa mali ya kiwanda, na miezi mitatu nyuma wakubwa wa kiwanda waliamua kila sebule iwe na kidude chake, kwa usalama wa wakazi, walisema. Kinawasha taa, kinakumbusha dawa, kinampigia mtu simu. Ukikiita kwa neno lake kinaamka, kinanasa maneno yako na kuyatuma. Na neno lenyewe wakachagua "sikia". Katika maneno yote ya lugha hii, walioketi kwenye kiyoyozi wakachukua lile ambalo hakuna mama anayemwonya mwanawe, wala jirani anayeteta, asiyeanza nalo. Zamani ukuta ulikuwa na masikio. Hawa wakaupa na mdomo.

Inspekta alikwenda ofisini kwa meneja wa nyumba. Meneja alimkaribisha kiti na kumweleza kwa kirefu habari za maendeleo, yaliyoletwa bure kabisa.

"Uliwauliza wenyewe?"

"Nyumba ni za kiwanda, Inspekta."

"Na maongezi ya ndani, ni ya kiwanda pia?"

Meneja akamwita fundi mitambo ajibu yeye. Wakubwa ndivyo walivyo; lawama ina ngazi, na siku zote hushuka. Fundi mitambo alikuja na jasho. Alieleza kwamba alipewa siku moja kufunga nyumba zote. Kuifungulia kila nyumba akaunti yake kungechukua siku nne. Basi akazifunga zote kwenye akaunti moja.

"Maana yake?"

"Anachonasa Mbea wa nyumba hii, simu ya nyumba ile inaweza kukifungua." Akajifuta jasho. "Lakini hawafungui, afande. Zinajaa kama matangazo."

"Nionyeshe za mkunga."

Zilikuwa mia mbili na kitu. Kila alasiri bibi alikaa kwenye kile kiti akazungumza na picha. Sikia mume wangu, mgongo leo umeamka vibaya. Sikia baba, bei ya sukari imepanda tena. Inspekta alisikiliza ameinamisha kichwa. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita, na mpaka leo humsimulia kesi zake jikoni huku akikaanga yai. Alishukuru kwamba nyumba yake haijaletewa maendeleo.

Alasiri ya kifo hapakunaswa kitu. Mbea aliyesikia mgongo na sukari hakusikia mauaji. Mtu anayesukumwa hasemi kwanza sikia.

Lakini ya siku nne kabla yake ilikuwepo.

"Sikia, mume wangu. Leo yule binti wa namba saba amekuja mara moja kutoka chuoni, amenisalimia. Amefanana na mwenye damu yake hadi kucha. Na Fundi Bomba maskini anapita akijisifu kwamba macho yale ni yake. Mama yake aliniapisha siku namzalisha. Siri hii nitazikwa nayo."

Fundi mitambo akaizima.

"Nani ameifungua?" aliuliza Inspekta.

Fundi mitambo akatazama orodha. Simu ya binti mwenyewe ilikuwamo, maana ndiye aliyemsaidia baba yake kuunganisha; yeye hakuifungua sauti hiyo hata mara moja. Simu za nyumba nyingine kumi na moja, hakuna. Simu ya Fundi Bomba, nyumba namba saba: mara kumi na tisa.

Doa jeupe la kikombe likapata mwenyewe. Ilikuwa gundi ya mabomba.

"Ifute," alisema Inspekta.

"Siwezi, afande. Anafuta makao makuu tu."

Inspekta akamgeukia meneja. Meneja alijibu kwamba barua itaandikwa, na kamati hukaa mwisho wa mwezi. Kisha akaongeza, kwa fahari, kwamba baada ya msiba huu ameshachukua hatua: tangu asubuhi hiyo kila sauti itakayonaswa itapiga kengele na kuchezwa papo hapo kwenye simu zote. Kwa usalama.

"Izime hiyo kengele."

"Inahitaji barua pia."

Njiani Inspekta aliwakataza askari wake. Neno lile lisitamkwe mpaka kazi iishe. Semeni hebu, semeni tazama, pigeni mluzi mkitaka. Yule binti hajui, na wao wasiwe wa kumjulisha. Koplo alisema yeye ana mdomo wa kuweza kufungwa, wasiwasi wake ni kwa afande.

Fundi Bomba aliwafungulia kabla hawajabisha. Mtu wa miaka hamsini na tano, vidole vyenye makovu ya spana. Mkewe alikuwa zamu kiwandani. Ukutani palikuwa na picha ya binti akiwa hana meno ya mbele, na nyingine akiwa na sare ya shule.

"Mbea wako yuko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Juu ya kabati. Nimemchomoa juzi." Waya ulikuwa unaning'inia. Inspekta akaridhika, akaketi.

"Ulikuwa kwa mkunga jana."

"Nilirekebisha bomba lake."

"Bomba lake lilirekebishwa mwezi jana. Umeandika mwenyewe kwenye daftari la kazi."

Fundi akazitazama picha za ukutani.

"Umesikiliza mara kumi na tisa, Fundi."

Fundi akatazama mikono yake kama vyombo vya kuazima. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo. Alimwomba Inspekta aandike kwamba alikwenda kuiba. Amfunge maisha, hatakata rufaa. Sababu tu isiandikwe. Jalada husomwa mahakamani, na binti yake ana masikio.

Inspekta akaweka kalamu chini. Akasogeza kiti, akamshika goti.

"Sikia, mzee mwenzangu. Bila ukweli sina jalada. Niambie yote, halafu nitaona cha kuandika. Kwangu siri yako haitoki."

Basi Fundi akafunguka. Maji yaliyozuiwa siku tano hayana adabu.

"Nilimwomba neno moja. Nikamwambia bibi, sema ni uongo. Sema uzee umekuchanganya. Hata kama ni kweli, nidanganye, nitakushukuru. Akaniambia, mwanangu, mimi siri za uzazi sizungumzi. Wakati anazizungumza kwenye simu yangu. Akanimiminia chai. Nikasema, basi binti si wangu? Akanishika mkono, akanihurumia. Zile huruma ndizo zilizonipofusha. Nikamsukuma anitoke. Sikujua mtu mzima ni mwepesi vile." Akajifuta. "Miaka ishirini namlea. Mama yake sijamuuliza, na sitamuuliza. Sitaki damu yake. Nataka aendelee kuniita alivyozoea. Hilo tu."

"Afande," alisema Koplo.

Alikuwa akitazama juu ya kabati. Nyuma ya waya uliochomolewa, taa ya buluu ilikuwa inawaka, imetulia.

"Si amechomolewa," alisema Inspekta.

"Ana betri ndani," alisema Koplo. "Nani amemwamsha?"

Inspekta aliurudisha ulimi wake nyuma, neno kwa neno, akalikuta. Yeye aliyewakataza wenzake. Akaruka, akakikwanyua kidude, akakibana kifuani kama anayeziba jeraha. Kilikuwa kimeshamaliza kutuma. Nje, kutoka dirisha la namba sita, sauti ya Fundi ilianza kusema, nilimwomba neno moja. Kisha namba nane. Kisha ng'ambo ya uwanja, nyumba baada ya nyumba, zote zikisema jambo lile lile kwa kupishana kidogo.

Wakasimama watatu wakisikiliza hadi mwisho. Hapakuwa na cha kufanya. Meneja hatashtakiwa, kwenye fomu ya mashtaka hakuna mstari wake.

Simu ya Fundi ikaita mezani. Kwenye kioo palikuwa na picha ya binti, na chini yake: Mwanangu.

Inspekta alishika pingu bila kuzifungua. Fundi akabonyeza kipaza sauti, akaiacha simu hapo hapo juu ya meza. Kulikuwa na pumzi, na kelele za watu wa chuo wakipita mbali.

"Baba?" ilisema simu.

Fundi hakuigusa. Aliinua uso, akamtazama Inspekta kama mtu anayeomba ruhusa ya serikali.

"Niitike?"