Kipaumbele Si Kukaa Mbele

Kila asubuhi Kashindye alikwenda kutazama kitalu chake cha mpunga. Mwaka huo wa 1994 alirudi kila siku amenuna. Miche ilikuwa inageuka njano. Majaruba yake, yaani vipande vyake vya shamba la mpunga, yalikuwa mwisho wa mfereji, karibu na ziwa, na maji ya mto hayakufika huko.

"Ziwa zima liko mbele ya macho yangu, na mpunga wangu unakufa kwa kiu!" alimwambia mumewe, Josephat. "Mwaka jana tulikula mihogo ya kuomba. Mwaka huu siombi."

Josephat alichukua jembe lake akatoka. Alimjua mkewe akikasirika.

Siku hiyo kulikuwa na mkutano wa kijiji. Shirika moja lilikuwa limetoa saruji kwa ajili ya umwagiliaji. Watu wa juu waliishi karibu na banio, yaani ukuta unaoingiza maji ya mto kwenye mfereji. Wao walitaka mfereji wa pili, wafungue majaruba mapya. Watu wa katikati walitaka tangi la bustani za nyanya, maana siku hizi wanunuzi binafsi walikuja na magari yao mpaka shambani. Watu wa chini walitaka maji tu. Saruji ilitosha kazi moja.

Mwenyekiti, mzee Shigela, aliinua barua ya shirika.

"Wanasema tuchague kipaumbele. Kipaumbele ni mbele. Walio mbele ni nani? Watu wa juu, maji yanaanzia kwao. Basi, tujenge mfereji wa pili."

Watu wa juu walipiga makofi. Majaruba ya Shigela mwenyewe yalikuwa huko huko juu.

Kashindye alisimama, damu inamchemka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Nimekuamkia, sasa nakukatalia. Sisi wa nyuma tule nini? Matope?"

"Mama, kaa chini."

"Sikai!"

Ndipo Wilhelmina, bibi shamba wa kata, alipoomba kusema.

"Mzee, kipaumbele si mahali. Ni kazi inayotakiwa kutangulia, kwa sababu bila hiyo nyingine hazifai kitu. Hatuwezi kuijua tukiwa tumekaa hapa. Tuufuate mfereji kwa miguu. Kila kazi tuiulize: itasaidia kaya ngapi? Inategemea kazi gani nyingine? Ikiachwa mwaka huu, nini kitaharibika?"

Walianzia kwenye kitalu cha Kashindye, wakapanda polepole. Walipokaribia banio walisikia maji yakinguruma nyuma ya matete. Wilhelmina aliyafunua. Ukingo wa mfereji ulikuwa umebomoka. Zaidi ya nusu ya maji yalimwagika kwenye kinamasi.

"Tulijua," mtu mmoja wa juu alisema kwa sauti ndogo. "Ila yanayobaki yanatutosha."

"Yanawatosha!" Kashindye alifoka. "Misimu miwili mnasikia chakula cha watoto wangu kinamwagika, mnajigeuza upande wa pili mnalala! Hamna haya?"

Wilhelmina alimgeukia Shigela.

"Mzee, ukingo ukiendelea kubomoka hivi, mfereji wa pili utapitisha nini? Tangi litajazwa nini?"

Shigela aliyatazama maji yaliyokuwa yakimwagika.

"Upepo," alisema.

Walikubaliana kutengeneza ukingo kwanza. Watu wa juu, wa katikati na wa chini walibeba mawe pamoja. Kashindye alibeba bila kumsemesha mtu. Siku ya tisa maji yalifika kwake. Nusu ya miche ilikuwa imeshakufa, na alilia kwa uchungu. Nusu iliyobaki aliipanda. Msimu huo walikula wali wao, na hawakuomba mihogo kwa mtu.

Baada ya mavuno shirika lilileta saruji nyingine. Mkutano ulikaa tena: mfereji wa pili au tangi? Kashindye alisimama. Watu wa juu waliinamisha vichwa, wakingoja matusi.

"Nimeufuata mfereji tena kwa miguu," alisema. "Tangi litasaidia kaya tisa. Mfereji wa pili utasaidia kaya arobaini, na sasa maji yapo. Mfereji utangulie."

Shigela alishangaa. "Lakini mama, wewe huna hata jaruba moja huko juu."

"Najua. Na hasira yangu kwenu haijaisha," alisema Kashindye. "Lakini nimehesabu."