Majivu Nyuma ya Risasi

Boksi liliteleza kutoka kwenye toroli, likaangukia vitenge vya Roda palepale mpakani Tunduma, malori yakipiga honi na wateja wa Zambia wakisalimia "mulishani" huku wanabishana bei. Kijana aliyelifuata alivaa shati jeupe lililoshika masizi.

"Samahani, dada. Ni risasi hizo."

"Ala! Kumbe siku hizi majambazi wanaomba samahani?"

"Siyo za bunduki. Ni madini ya risasi, matofali ya kukinga mashine na mionzi."

Alikuwa Nsajigwa, mtafiti wa chuo kikuu. Akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza Roda. Haukupita muda, simu zikawa haziishi.

"Laazizi, huko shimoni unatafuta nini?"

"Nyutrino. Vijipunje vinavyokupita mwilini hata sasa, wala huvihisi. Na zaidi ya hivyo, maada giza, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Huku juu mionzi ni mingi mno, kule mlima unaichuja."

Shimo lenyewe lilikuwa mgodi wa makaa uliotelekezwa, milimani Ileje. Wachimbaji walifukiwa mle, hawakutolewa. Jumapili Roda alipokwenda kumtembelea, kajipamba kwa gauni la bluu na raba za kuazima, nywele zilimsimama. Kimya cha mle kilikuwa kama cha mtu anayesikiliza.

Bibi yake wa Itumba alikuwa amemfungia majivu ya jikoni kwake kitambaani. Kwao, aingiaye penye wafu hulindwa na moto wa ukoo. Msomi angecheka, basi Roda akayapenyeza kimyakimya nyuma ya matofali ya risasi, karibu na mashine.

Alhamisi simu ikalia.

"Roda! Mashine inalia, kuna kitu kinapita! Kesho nawatangazia wenzangu. Wataniita Ulaya, mke wangu, tutakwenda wote!"

"Imeanza lini?"

"Jumapili, ulipoondoka."

Roda akayakumbuka yale majivu. Aliwahi kuambiwa mashine ile haitaki hata vumbi. Kwenda Ulaya akiwa mke wake! Angenyamaza, nani angejua? Lakini alimpenda, hakutaka dunia imcheke. Akafunga duka, akapanda Hiace kwenda Ileje.

Ndani, mashine ilikuwa ikidonoa: tik, tik, tik. Roda akaingiza mkono, akatoa kifurushi. Mlio ukapungua, ukakoma.

"Nini hicho?"

"Majivu ya bibi. Ya kukulinda."

Nsajigwa akakaa chini. "Majivu ya kuni yana potasiamu, nayo hutoa mionzi. Kumbe nilikuwa napima jiko la bibi yako!" Akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Ungenyamaza tu, Roda."

"Ili uumbuke mbele za watu? Heri unichukie."

Nsajigwa akainuka, akasimama mbele yake kwenye mwanga wa taa.

"Sina Ulaya tena. Nina shimo hili na mshahara wa kuchelewa. Utanikubali hivihivi?"

"Ndiyo," alisema Roda, naye machozi yanamlenga.

"Ndiyo," ikaitikia sauti nzito ya mwanamume kutoka ndani kabisa ya mgodi.

Nsajigwa hakuwa amefungua mdomo.