Ufunguo Aliopewa Mpole

"Nungu, kitambaa kimeshika moto."

Simu ikakatika.

Nungu aliacha chai mezani, akatoka mbio. Kitambaa ni seva. Moto ni shambulio, leo hii.

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Alikuwa na dakika ishirini.

Ungemwona njiani ungesema mama wa watu anawahi sokoni na raba zake. Thubutu! Chini ya koti kulikuwa na bastola aina ya Glock, na risasi zilikuwa zimejaa.

Simu ikalia tena. Shangazi, jina la siri la mkuu wake kikosini.

"Yule muuguzi yuko hatarini."

Nungu alimjua. Kwa jina la kubuni, muuguzi huyo alikuwa akilianika genge linaloingiza dawa feki za watoto. Aliandika kwenye ule mtandao wa kijamii usio na tajiri, ambao kila mtaa una seva yake na mtu wa kujitolea anayeitunza. Seva ya mtaa huu aliitunza fundi cherehani. Ndani yake kulikuwa na majina halisi na anwani za watu elfu nne, na ya muuguzi ilikuwemo. Genge likiipata, jioni haimkuti hai.

"Nani kaingia?"

"Anajiita Mpole. Miaka miwili anamsaidia fundi kurekebisha programu. Saa nne kamili sasisho lake linajiwasha, linazoa anwani zote na kulitumia genge."

"Fundi alimpaje ufunguo wa kuingia kwenye seva?"

"Ndio maisha yao, mwanangu. Ukichapa kazi bila kunung'unika, unapewa. Sura hawaulizi."

"Na hizo programu si ziko wazi, kila mtu anasoma?"

"Ziko wazi. Kila mmoja alidhani mwenzake kasoma. Sisi tumesoma leo."

Nungu akarukia gari lake, akakanyaga mafuta.

Dukani kulikuwa na vyerehani vitatu na sare za shule zinazosubiri vifungo. Kwenye meza ya nyuma, kompyuta mpakato kuukuu, ThinkPad inayotumia programu za Linux. Kando yake boksi jeusi la seva, taa za kijani zikipepesa. Fundi alikuwa na futi shingoni na furaha usoni.

"Karibu, dada! Leo nina mgeni. Miaka miwili tunaandikiana, ndio kwanza namwona!"

Kijana mwenye sweta safi aliinuka.

"Shikamoo, mama."

Nungu alichomoa bastola.

"Mikono juu."

"Dada! Mgeni wangu huyo!"

Mpole hakupandisha sauti.

"Zimebaki dakika mbili, mama. Wenzangu wako garini. Wanasubiri anwani tu."

Nungu aling'oa plagi ukutani. Taa hazikutikisika.

"Betri," Mpole akasema. "Nilimshauri mwenyewe anunue. Inakaa saa tatu nzima."

Papo hapo akamrushia pasi ya moto. Nungu aliikwepa, bastola ikamponyoka. Wakaangukiana juu ya sare, Mpole akamkaba koo.

"Fundi!" Nungu alikoroma. "Kata intaneti! Wanamuua mtu!"

Fundi alishika mkasi. Hakusogea. Nyaya zilikuwa rundo, na yeye peke yake ndiye aliyezijua.

"Fundi, ni mimi," Mpole alisema kwa upole uleule. "Mkeo alipozikwa, nani alikushikia seva?"

Saa ya ukutani ilibakiza sekunde chache. Machozi yakamtoka mzee wa watu, akainama chini ya meza.

Kacha!

Taa moja, ya intaneti, ikazimika.

Mikono ya Mpole ikalegea. Nungu alimgeuza kifudifudi, akamfunga pingu.

Simu ikatetemeka.

"Gari tumelikamata," Shangazi akasema. "Watatu, bastola mbili. Muuguzi yuko kazini wodini, hajui lolote."

"Aendelee kutojua."

Fundi alikuwa bado chini, mkasi mkononi.

"Mke wangu alipofariki, uliniandikia ukurasa mzima," alimwambia Mpole. "Nililia kama mtoto. Na ile pia ilikuwa kazi?"

Mpole aliangalia sakafu.

Fundi alijikokota hadi kitini, akaufuta ule ufunguo na sasisho lake kwenye kompyuta, akafungua simu yake.

"Unafanya nini?" Nungu aliuliza.

"Naandika. Kwetu kosa halifichwi. Nikiunga waya, wote elfu nne wasome."

Shangazi angekataa. Nungu aliokota bastola yake, akajifunga koti.

"Andika. Mimi usiniandike."

Akamsukuma Mpole mbele yake hadi barabarani, taratibu, bila kugeuka.

Nyuma yake fundi aliandika kwa kidole kimoja: "Ndugu zangu, nilimpa ufunguo wenu mtu nisiyemjua. Nilikuwa nimefiwa, na yeye ndiye pekee aliyenipa pole."